Koki ikikauka, tanki bado lina maji: sayansi ya kumwaga simtanki

Kama unaishi Dar es Salaam, Dodoma, Mombasa au mji mwingine ambao maji hutoka kwa zamu, bila shaka uani kwenu au kwa jirani kuna simtanki. Maji yakitoka linajazwa, yakikatika mnaishi nalo. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgao ukatangazwa Dar, mwenye tanki alioga na asiye nalo alibeba ndoo.

Kulijaza tunajua sote. Kulimwaga ndiko tunakosea. Mtu akitaka kusafisha tanki hufungua koki, husubiri maji yakome, halafu husema "limeisha". Hapana, halijaisha. Kilichobaki chini ndicho hasa ulichotaka kukitoa, na ndicho kitakachochanganyika na maji mapya ukijaza tena. Twende taratibu tuone kwa nini, kisha tufanye hesabu ya kulimwaga lote. Hesabu zenyewe ni za kidato cha nne, usiogope.

Kwa nini maji huanza kwa nguvu na kuishia kwa uvivu

Chukua tanki la lita 1,000. Ili tusihangaike, tuseme sakafu yake ina eneo la mita 1 ya mraba na maji yana kimo cha mita 1. Kwa sasa tuseme pia kwamba tundu la kutolea maji liko chini kabisa.

Maji yanayotoka kwenye tundu yana kasi ileile ambayo jiwe lingekuwa nayo kama ungeliachia lidondoke kutoka usawa wa maji hadi kwenye tundu. Kanuni hii ilichapishwa mwaka 1644 na Mwitalia Evangelista Torricelli, kijana aliyemsaidia Galileo katika miezi yake ya mwisho. Kwa alama tunaandika hivi:

kasi = √(2 × g × h)

g ni mchapuko wa uvutano (9.8) na h ni kimo cha maji juu ya tundu. Hebu tuweke namba. Kimo kikiwa mita 1, maji hutoka kwa kasi ya mita 4.4 kwa sekunde. Kikishuka hadi sentimita 25, kasi ni mita 2.2. Kikibaki sentimita 1, kasi ni mita 0.44, yaani polepole kuliko mtu anayetembea.

Umeona kipeuo cha pili kinachofanya? Kimo kikipungua mara nne, kasi inapungua mara mbili. Kwa hiyo tanki halimwagiki kwa mwendo mmoja. Kwa bomba la inchi moja (kipenyo kama sentimita 2.5), na tukizingatia kwamba maji hujibana yakipita kwenye tundu hadi kinachotoka kuwa kama asilimia 60 ya hesabu tupu, tanki letu linachukua dakika 25 hivi kuisha. Lakini tazama dakika hizo zinavyogawanyika:

- Nusu ya kwanza ya maji (lita 500): kama dakika 7 na nusu.
- Robo inayofuata (lita 250): kama dakika 5.
- Robo ya mwisho (lita 250): kama dakika 12 na nusu.

Yaani robo ya mwisho inakula nusu ya muda wote. Ukiwa na bomba refu lenye kona nyingi, muda wote unaongezeka, lakini tabia ni ileile: mwisho hujivuta. Ndiyo maana watu wengi hufunga koki mapema. Wanaona maji yamekuwa kama uzi, wanadhani yamekwisha, kumbe bado kuna ndoo kadhaa.

Unaweza kulipima hili jikoni. Chukua chupa ya plastiki ya lita 1.5 yenye ubavu ulionyooka, itoboe karibu na chini kwa msumari uliopashwa moto, kisha weka alama katikati ya tundu na usawa wa juu. Jaza, fungua kifuniko, shika saa. Torricelli anasema nusu ya chini itachukua muda wa mara 2.4 ya nusu ya juu. Ukipata 2.2 au 2.7, umefanya vizuri, maana chupa si silinda kamili na matone ya mwisho hung'ang'ania tundu.

Tanki nalo linapumua

Ukiwa bado na ile chupa, funga kifuniko maji yakiwa yanatoka. Yatadondoka kidogo halafu yatasimama. Maji yakitoka lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Hewa isipoingia, mgandamizo ndani unashuka, na hewa ya nje inayazuia maji yasitoke.

Kwenye chupa huo ni mchezo, kwenye tanki ni hasara. Watu wengi, kwa nia njema ya kuzuia mbu na vumbi, hufunga mfuniko kwa nailoni na kuuzungushia gundi. Sasa piga hesabu: kila mita 1 ya maji inayoning'inia chini kwenye bomba inaweza kuvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kama tani 1 juu ya kila mita ya mraba. Tanki likiwa juu ya mnara, na bomba likishuka mita 3, paa la tanki linaweza kujikuta linabeba uzito wa tani 3. Plastiki haiwezi. Itabonyea ndani, au maji yatatoka kwa kukwama-kwama na wewe utamlaumu fundi bomba.

Dawa yake ni rahisi: tundu la hewa lililofunikwa kwa wavu mdogo wa mbu. Hewa inapita, mbu hapiti. Na kabla ya kumwaga, legeza mfuniko kwanza.

Lita 50 ambazo koki haizijui

Sasa tuache lile rahisisho la kwamba tundu liko chini kabisa. Katika matanki mengi haliko hapo, liko juu kidogo ya sakafu. Limewekwa hivyo kwa makusudi, ili mchanga na tope vibaki chini badala ya kuingia kwenye mabomba yako.

Tuseme tundu liko sentimita 5 juu ya sakafu. Sakafu ya mita 1 ya mraba mara mita 0.05 ni lita 50. Hizo ni ndoo mbili na nusu za lita 20 ambazo hazitatoka kwa koki hata ukingoja hadi kesho. Koki imekauka, na wewe bado una lita 50.

Za kwenu ni ngapi? Pima. Tanki likiwa limeisha kwa koki, chomeka kijiti kirefu kisafi hadi sakafuni, uone maji yamepanda hadi wapi. Kisha zungusha futi kamba kwenye kiuno cha tanki upate mzingo kwa mita. Uzidishe mzingo kwa wenyewe, ugawe kwa 12.6, utapata eneo la sakafu kwa mita za mraba. Zidisha kwa kimo cha maji kwa mita, kisha kwa 1,000 upate lita. Tanki lenye mzingo wa mita 3.55 lina sakafu ya mita 1 ya mraba, kama letu la mfano.

Humo chini kuna nini?

Kuna mambo matatu, na kila moja lina sayansi yake.

La kwanza ni mashapo. Chembe zilizomo kwenye maji huzama kwa kasi inayotegemea ukubwa wao, na utegemezi wenyewe ni mkali: ukipunguza kipenyo mara 10, kasi ya kuzama inapungua mara 100. Punje ya mchanga mwembamba ya milimita 0.1 huzama mita 1 kwa kama dakika 2. Chembe ya tope ya milimita 0.01 huchukua kama saa 3. Chembe ya udongo mfinyanzi ya milimita 0.001 huchukua zaidi ya siku 10, na hiyo ni kama maji yametulia kabisa. Ndiyo maana maji ya mvua za kwanza yanaonekana mazuri tankini baada ya siku mbili, lakini ukikoroga chini unapata chai ya maziwa.

La pili ni ule utelezi. Pitisha kidole kwenye ukuta wa ndani wa tanki la zamani. Huo utelezi ni utando wa bakteria: wamejishika ukutani, wakajitengenezea ute, na wanaishi ndani yake kama kijiji. Si wote wanaoleta ugonjwa, lakini utando huwakinga pia wale wabaya wakiingia. Klorini inayoua bakteria anayeelea peke yake kwa dakika chache inahangaika kumfikia aliyejificha ndani ya ute. Tope nalo linaila klorini kabla haijafanya kazi yake. Kwa hiyo kumimina dawa kwenye tanki chafu ni kupoteza dawa. Kusugua kwanza, dawa baadaye.

La tatu wengi hawalijui: mayai ya mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya dengi. Mbu huyu hatagi katikati ya maji. Hubandika mayai ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi bila kufa. Ukimwaga tanki, yanabaki palepale. Ukijaza, maji yanapanda, yanayafunika, yanaanguliwa, na baada ya siku 7 hadi 10 hivi unaweza kuwa na mbu wapya. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na matanki na mapipa ya nyumbani ni miongoni mwa mahali mbu huyu anapopenda kuzaliana. Kumwaga bila kusugua kuta za juu ni kuyapumzisha mayai tu.

Tujifunze kwa wenye magari-nyumba

Ulaya na Marekani kuna watu wanaosafiri kwa magari yenye kitanda, jiko na choo ndani. Gari la namna hiyo hubeba tanki lake la maji safi. Wao hulazimika kulimwaga mara kwa mara, kwa sababu mbili. Gari likikaa wiki kadhaa bila kutumika, maji yanavunda. Na baridi ikifika, maji yakiganda hutanuka kwa kama asilimia 9, yakapasua mabomba na pampu.

Kwa sababu hiyo matanki yao huwa na tundu la pili, lililo sehemu ya chini kabisa, kwa ajili ya kumwagia tu. Tundu la matumizi ni moja, la kumwagia ni jingine. Sisi hatuna barafu ya kutulazimisha, kwa hiyo tanki letu huwa na tundu la matumizi peke yake. Kama ndiyo unanunua tanki sasa, mwambie fundi akuwekee koki ya kumwagia chini kabisa, na msingi uinamie kidogo upande huo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kuinama na kopo kila mara.

Basi, tunalimwagaje lote?

Kama tanki lako halina koki ya chini, fanya hivi:

1. Usimwage maji mazuri. Funga maji yanayoingia, tumieni yaliyomo hadi yakaribie usawa wa tundu. Panga kazi hii siku ambayo maji yatatoka.

2. Zima pampu. Pampu ikizunguka bila maji inaungua.

3. Acha maji ya kama sentimita 10 au 15 juu ya sakafu. Fungua mfuniko, na kwa brashi yenye mpini mrefu sugua kuta kuanzia juu, hasa ule mstari maji yanapofikia, kisha sakafu.

4. Koroga. Katika matumizi ya kila siku tunataka mashapo yatulie, lakini leo tunataka yaelee ili yatoke na maji. Kumbuka mchanga unazama ndani ya dakika 2, kwa hiyo endelea kukoroga maji yakiwa yanatoka. Yatoe kupitia koki iliyo karibu na tanki, si kupitia mabomba ya ndani ya nyumba.

5. Lita zilizobaki zitoe kwa mpira. Zamisha mpira wote kwenye ndoo ya maji hadi ujae, ziba ncha zote kwa vidole, ncha moja ingiza hadi sakafu ya tanki, nyingine ishushe chini ya usawa huo, kisha achia. Maji ya upande mrefu yanashuka, na hewa ya nje inayasukuma ya tankini yafuate. Usivute kwa mdomo, maana hayo ndiyo maji machafu kuliko yote ndani ya nyumba. Ncha ya nje ikiwa juu kuliko maji ya tanki, hakuna kitakachotoka. Kwa hiyo tanki lililokaa juu ya matofali linakwisha kwa urahisi, lililokaa chini kwenye udongo litahitaji kopo.

6. Zitakazobaki, kama lita 5, zichote kwa kopo na umalizie kwa sponji iliyofungwa kwenye mti.

Tafadhali usiingie ndani ya tanki, wala usimwingize mtoto eti kwa sababu ni mdogo. Ndani hewa ni chache, na mvuke wa dawa hauna pa kwenda. Tanki kubwa linalolazimu mtu kuingia ni kazi ya watu wawili au zaidi, mmoja akiwa nje muda wote, bila dawa ndani na bila injini ya pampu kuunguruma karibu.

Hesabu ya klorini, ambapo zile lita 50 zinarudi

Baada ya kusafisha inafuata kuua vijidudu. Njia ya kawaida ni kujaza tanki maji yenye klorini ya miligramu 50 kwa lita, kuyaacha saa 24, kisha kuyamwaga. Kwa lita 1,000 hizo ni gramu 50 za klorini. Jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5 ina gramu 35 hivi kwa lita, kwa hiyo unahitaji kama lita 1.4. Soma asilimia kwenye chupa, usikisie, na usitumie iliyowekwa manukato.

Sasa mwaga kwa koki peke yake, kama wafanyavyo wengi. Zimebaki lita 50 zenye miligramu 50 kila moja, jumla miligramu 2,500. Jaza tena hadi 1,000: maji yako mapya yana miligramu 2.5 kwa lita. Hayajavuka kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 5, lakini yatanuka dawa, na watoto watayakataa.

Fanya hivyohivyo ukiwa umetoa kwa mpira hadi zikabaki lita 5. Sasa ni miligramu 250 katika lita 1,000, yaani 0.25 kwa lita. Shirika hilohilo linataka maji yanapomfikia mtumiaji yawe bado na angalau 0.2. Mpira mmoja umekutoa kwenye maji yanayonuka ukakufikisha mahali panapotakiwa.

Lakini kumwaga lita 1,000 wakati wa mgao ni anasa. Kuna njia inayotumia maji kidogo: changanya ndoo ya lita 20 yenye miligramu 200 kwa lita (kama mililita 115 za ileile jiki ya asilimia 3.5), paka kuta zote na sakafu kwa brashi ndefu, hakikisha zimebaki na unyevu kwa nusu saa, suuza kwa maji safi, kisha toa yote kwa mpira na sponji. Vaa glavu, linda macho. Na kamwe usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu.

Maji ya suuzo yatumie kuoshea sakafu na choo. Usimwagilie mboga wala usiyaelekeze kwenye bwawa la samaki.

Rudia kazi hii angalau mara mbili kwa mwaka, na moja iwe baada ya mvua kubwa, tope linapokuwa limeshajikusanya. Ukiwa huna nafasi ya kufanya yote, basi fanya hatua ya tano: ingiza mpira hadi chini, utoe yale ambayo koki haiyafikii. Utakachokiona kwenye ndoo ya kwanza kitakuonyesha mwenyewe kama ulichelewa.